Pasi ya Mary Butterworth, jani la Benjamin Franklin: noti feki katika Marekani ya kikoloni

Sokoni Tabora, muuzaji akipokea noti ya elfu kumi huikagua bila hata kukatisha mazungumzo. Kidole gumba kinapapasa mparuzo, noti inainuliwa kwenye mwanga ili Mwalimu Nyerere ajitokeze kwenye alama ya maji, jicho linapita kwenye uzi, chenji inatoka. Mfanyabiashara wa Boston au Philadelphia wa miaka ya 1750 naye alikuwa na ukaguzi wake. Alichoshika kilikuwa kipande cha karatasi kinachoenea kiganjani, kimechapwa kwa wino mweusi, kina namba na saini zilizoandikwa kwa mkono, na mara nyingi kimeandikwa waziwazi kwamba adhabu ya kukighushi ni kifo.

Wengi hudhani noti feki za zamani zilikamatwa kwa sababu zilikuwa mbaya. Zipo zilizokuwa mbaya, lakini hizo si za kujadili. Zile za hatari zilikuwa nzuri, nyingine nzuri kuliko halali zenyewe, na kilichozikamatisha ni kwamba zilitengenezwa kwa njia nyingine. Kila njia ya kutia wino kwenye karatasi huacha alama yake, na anayejua kuisoma haangalii picha kwanza. Anageuza noti aangalie mgongo.

Kwanza, kwa nini karatasi. Makoloni yale ya Waingereza hayakuwa na sarafu za kutosha. Fedha ya Kihispania iliyoingia kwa biashara ilitoka upesi kulipia bidhaa za London. Kwa hiyo watu walilipana kwa vitu, jambo ambalo huku kwetu si geni: karne ya 19 soko la Ujiji lilikwenda kwa shanga za sofi, na Unyanyembe hesabu za misafara zilipigwa kwa doti za merikani, kitambaa ambacho jina lake linataja kilikotoka, kwa kuwa meli za Salem, Massachusetts, ndizo zilizokuwa zikikishusha Zanzibar. Massachusetts hiyohiyo ilikuwa imepita kwenye shanga muda mrefu kabla. Wampum, shanga za magamba ya kombe zilizotengenezwa na wenyeji, zilikuwa fedha halali huko mpaka 1661. Zile za zambarau iliyokoza zilihesabiwa mara mbili ya nyeupe, na bila shaka umeshajua kilichofuata: nyeupe zikaanza kutiwa rangi.

Virginia ilitumia tumbaku. Mkulima wa Urambo au Sikonge hahitaji maelezo marefu. Kwa sheria ya 1730, tumbaku ililetwa kwenye maghala ya umma ikiwa kwenye mapipa makubwa ya mbao, wakaguzi wakayafungua, majani mabovu yakachomwa moto, kisha mwenye mali akaandikiwa karatasi. Karatasi hiyo ndiyo iliyotembea: ililipa kodi, ililipa deni, ilibadilishana mikono kabla pipa halijasogezwa ghalani. Ni stakabadhi ghalani kabisa, na tangu mwanzo ilibidi sheria iweke adhabu kwa wanaoighushi.

Noti za serikali zilianza Massachusetts, Desemba 1690. Askari walikuwa wamerudi kutoka Quebec wameshindwa, hawana ngawira, wanadai mishahara, na hazina ni tupu. Serikali ikachapa noti za pauni 7,000, na mwanzoni mwa 1691 kiwango kikapandishwa hadi pauni 40,000. Kinga yao ya kwanza ilikuwa kishina. Noti ilichapwa ikiwa na pambo la mizungumizungu juu yake, kisha ikakatwa kutoka kwenye kishina kwa mkasi unaopinda kama nyoka katikati ya pambo. Kila mkato ulikuwa wa peke yake. Noti ikirudi hazina, unaiweka juu ya kishina chake: pambo likikutana, ni halali, mistari ikipishana, ni feki.

Wazo lilikuwa zuri kwa aliyekaa hazina. Kwa mwenye duka aliye mwendo wa siku mbili kutoka Boston halikumsaidia kitu, kwa sababu kishina kilikuwa Boston. Noti feki ingeweza kupita mikono ishirini kabla ya kukutanishwa na kishina, na aliyeshikwa nayo mwishoni ndiye aliyekula hasara. Isitoshe, ukingo wa juu ndio uliochakaa kwanza. Baada ya mwaka wa kukunjwa mfukoni, ule mpindo mzuri ulikuwa umeshakuwa manyoya tu.

Udanganyifu wa kwanza haukuhitaji hata kuchapa. Mtu alichukua noti halali ya thamani ndogo, akakwangua kwa kisu neno la thamani, akaandika kubwa zaidi kwa kalamu. Karatasi halali, saini halali, kishina halali. Uongo ni neno moja. Dawa yake ni kuhakikisha kila thamani ina sura yake kuanzia mbali. Mwaka 1722 Massachusetts ilitoa vinoti vya peni chache kwenye ngozi laini ya kuandikia: peni moja ya mviringo, peni mbili ya mraba, peni tatu ya pembe sita. Huwezi kuukwangua mviringo ukawa pembe sita. Nadhani hiyo ni miongoni mwa kinga za akili zaidi za wakati ule, na haikudai hata kujua kusoma.

Tuje kwenye uchapaji wenyewe, kwa sababu hapa ndipo siri nyingi zilipokaa. Njia zilikuwa mbili.

Ya kwanza ni bamba la shaba. Fundi anachora kinyume, kama kwenye kioo, kwa patasi nyembamba inayochimba mifereji kwenye shaba. Wino mzito wa mafuta unapakwa bamba zima, kisha uso unafutwa hadi ung’ae na wino ubaki kwenye mifereji tu. Karatasi inalowanishwa kidogo, inawekwa juu ya bamba, vyote vinapitishwa kati ya rola mbili kwa nguvu kubwa. Karatasi inazama mfereji kwa mfereji na kunyonya wino. Matokeo: mistari iliyoinuka juu ya karatasi, unaihisi kwa ukucha, na kuzunguka picha kuna bonde dogo la ukingo wa bamba kama halikukatwa.

Ya pili ni herufi za risasi zilizopangwa moja moja kwenye fremu. Hapa wino uko juu ya uso wa herufi, na herufi inaibonyeza karatasi. Matokeo ni kinyume cha yale: kila herufi ni shimo dogo, na ukigeuza noti utauona uvimbe mgongoni. Wino husukumwa pembeni, kwa hiyo ukingo wa herufi huwa mweusi kuliko katikati.

Noti za mwanzo za makoloni mengi zilikuwa za bamba la shaba, na hilo likawaponza, kwa sababu fundi wa kuchora shaba alikuwa kila mji: sonara. Mtu anayetia nakshi jina la familia kwenye kikombe cha fedha ana patasi, ana mkono, amezoea kuandika kinyume. Kilichobaki ni tamaa. Tena shaba ni laini. Baada ya kuchapa maelfu kadhaa mistari inaanza kufa, fundi wa serikali analichonga upya, na noti halali za mwisho zinatofautiana na halali za mwanzo. Feki ikijificha katikati ya tofauti hizo, nani aitambue?

Owen Sullivan ndiye mfano unaotajwa zaidi. Alizaliwa Ireland, akafanya usonara Boston, akaadhibiwa hadharani huko na baadaye Rhode Island, na hakuna adhabu iliyomzuia. Alijichimbia na kundi lake huko Dover, mpakani mwa New York na Connecticut, ambako mamlaka ya koloni moja ilikuwa ikiishia na nyingine haijaanza vizuri. Alinyongwa New York tarehe 10 Mei 1756. Udhaifu wa masonara ulikuwa huohuo mmoja siku zote: bamba. Bamba la shaba ni zito, halichomeki kwenye jiko la kuni, na likikutwa chini ya sakafu hakuna maelezo yatakayolisafisha.

Mary Butterworth wa Rehoboth, Massachusetts, aliliona tatizo hilo na kulimaliza jikoni. Kuanzia karibu 1716 alitengeneza noti, zikiwemo za pauni tano za Rhode Island, bila bamba lolote. Alichukua melimeli nyembamba iliyotiwa wanga, akailowanisha, akaitandaza juu ya noti halali na kuipitishia pasi ya moto. Joto na unyevu vilivuta sehemu ya wino ikahamia kwenye kitambaa. Kisha kitambaa hicho kiliwekwa juu ya karatasi tupu na kupigwa pasi tena. Angalia ustadi wake: kwenye melimeli picha iko kinyume, lakini ikihamishwa mara ya pili inarudi kusoma sawa. Anayenakili kwa njia hii hahitaji kujua kuandika kinyume kabisa.

Wino uliofika upande wa pili ulikuwa hafifu, kivuli tu. Ndipo familia ilipoingia kazini na kalamu za unyoya, kukoleza mstari kwa mstari. Melimeli ikatupwa motoni. Noti ziliuzwa kwa nusu ya thamani yake kwa watu wa kuzipitisha, na waliozipitisha walikuwa wengi. Alipokamatwa 1723 watu walishataja majina, lakini nyumbani hapakuwa na kitu cha kuweka mbele ya baraza. Pasi? Kila nyumba ina pasi. Aliachiwa, na aliishi hadi 1775.

Kwa mkaguzi, kazi ya Butterworth ilikuwa na doa moja kubwa. Wino wa chapa ni masizi ndani ya mafuta ya kitani yaliyochemshwa: unakaa juu ya karatasi na unabaki mweusi. Wino wa kalamu wa siku zile ulikuwa wa tanini na chuma, mwembamba kama maji: unazama kwenye nyuzi, na kadiri miaka inavyokwenda unageuka kahawia. Juu yake hapakuwa na mifereji ya kuinua mstari wala herufi ya kubonyeza. Noti isiyo na mwinuko wala shimo, yenye mistari ya kahawia, ni ya kalamu hata iwe imepambwa vipi.

Benjamin Franklin alianza kuchapa noti za Pennsylvania mwaka 1731, na baadaye za New Jersey na Delaware pia. Yeye alikuwa mtu wa herufi za risasi, na swali lake lilikuwa gumu: sonara anaweza kuiga herufi, basi kitu gani hawezi kuiga? Mwishoni mwa miaka ya 1730 akapata jibu kwenye bustani. Akachapa majani ya mimea mgongoni mwa noti.

Picha ya jani tu isingetosha, sonara angeichora. Franklin alichapa jani lenyewe. Jani liliwekwa pamoja na kitambaa kilicholowa na kukandamizwa kwenye plasta laini, likaacha kila mshipa wake humo. Plasta ikakaushwa mpaka ikauke kabisa. Ikibaki na unyevu, chuma cha moto kinageuza maji kuwa mvuke na kalibu inapasuka. Kisha ikamiminiwa chuma cha herufi, yaani risasi iliyochanganywa na bati na antimoni. Antimoni ndiyo inayofanya kazi ya maana hapo: risasi peke yake husinyaa ikipoa na kujivuta kutoka kwenye kuta za kalibu, lakini mchanganyiko wenye antimoni haujivuti hivyo, kwa hiyo unashika hata mshipa mwembamba kama unywele. Ukiitazama noti ya namna hii kwa karibu utauona hata mfumo wa kitambaa nyuma ya jani, nyuzi za mlalo na za wima.

Sasa mpe sonara kazi hiyo aiige. Mshipa wa jani unaanza mnene kwenye kikonyo na kupungua taratibu hadi unapotea, bila hatua, na unatoa matawi mamia. Patasi huingia shaba kwa hatua. Kila inapoinuliwa kuna ncha. Majani ya feki kwa hiyo yanaonekana yamechorwa: mishipa ina upana uleule kutoka mwanzo hadi karibu na mwisho, kisha inakatika ghafla. Na kuna mtego mwingine hata kwa anayejua siri ya plasta: hakuna majani mawili yanayolingana. Namna Franklin alivyofanya haikuandikwa, na ilibaki siri kwa zaidi ya karne mbili.

Uchunguzi wa maabara uliotolewa 2023 na Chuo Kikuu cha Notre Dame, uliopima karibu noti 600 za wakati ule, uliongeza mambo matatu. Wino mweusi wa Franklin ulikuwa na grafaiti, ile ya penseli, wakati wengi walitumia mkaa wa mifupa iliyochomwa. Karatasi ilichanganywa nyuzi za buluu tangu ikiwa uji. Na ndani yake mlikuwa na vipande vya ulanga vinavyometameta. Vitu vya aina hii haviongezwi baada ya karatasi kukauka. Aliyenunua karatasi ya kawaida alilazimika kuchora vinyuzi vya buluu kwa kalamu, na kinyuzi kilichochorwa hakichomoki kwa ncha ya sindano.

Vita vya uhuru vilipoanza, Bunge la makoloni liliagiza noti za dola milioni mbili, Juni 1775. Hesabu yake ni nzuri kuifuata: noti 49,000 za kila thamani kuanzia dola 1 hadi dola 8, na noti 11,800 za dola 20. Jumla ni noti 403,800, na kila moja ilihitaji namba na saini mbili za mkono. Hizo ni saini 807,600. Walioteuliwa kutia saini walikuwa 28, na ukigawanya, kila mmoja alikuwa na karibu saini 29,000 kwa toleo hilo moja tu. Saini ya asubuhi na saini ya jioni baada ya mkono kufa ganzi haziwezi kufanana, kwa hiyo saini iliyotakiwa kuwa kinga ikawa inalegea yenyewe. (Noti nyingi za muda za Wajerumani zilizotumika huku kati ya 1915 na 1917 nazo zilitiwa saini kwa mkono. Serikali iliyobanwa na vita hurudi kwenye kalamu.)

Mwigaji mkubwa wa noti hizo alikuwa serikali nyingine. Kuanzia 1776 Waingereza walichapa noti za Bunge kwenye manowari Phoenix, bandarini New York. Aprili 1777 gazeti moja la New York lilitangaza wazi kwamba anayesafiri kwenda makoloni mengine anaweza kupatiwa noti za kughushi kiasi chochote kwa bei ya karatasi kwa rimu. Karatasi tu! Shabaha haikuwa kutajirika, ilikuwa kuiua fedha yenyewe.

Na hapa uzuri ukawa ushahidi. Noti za Bunge zilichapwa Philadelphia na Hall na Sellers kwa herufi za risasi. Feki nyingi zilitoka kwenye bamba la shaba, safi na zenye mistari myembamba kuliko halali. Geuza mgongo: hakuna uvimbe. Papasa uso: wino umeinuka pale ulipotakiwa kuzama. Kisha tafuta herufi inayojirudia, tuseme e, katika mstari mmoja. Kwenye halali kila e imetoka kwenye kalibu moja, zinalingana kama matofali ya mashine moja. Kwenye bamba kila e imechongwa peke yake, na ukizipanga tano utaona tano tofauti. Ili kuwasaidia wakaguzi wa mbali, wachapaji walitoa nakala kwenye karatasi ya buluu, bila namba wala saini, zikapelekwa majimboni zilinganishwe na noti zinazotiliwa shaka. Kishina kimefanywa kisafiri, hatimaye.

Haikutosha. David Farnsworth na John Blair walikamatwa wakiwa na noti feki na kunyongwa Hartford, Novemba 1778. Januari 1779 Bunge liliamua kuondoa kwenye mzunguko matoleo mawili mazima, la Mei 1777 na la Aprili 1778, jumla dola milioni 41.5, halali na feki pamoja, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kuzichambua nyumba kwa nyumba. Matoleo yaliyofuata yakachapwa kwa rangi mbili, nyekundu na nyeusi. Lakini tusiwabebeshe Waingereza mzigo wote. Bunge lenyewe lilichapa zaidi ya dola milioni 241 kabla ya kusimama, na kufikia Machi 1780 lilikubali rasmi kwamba dola 40 za karatasi ni sawa na dola 1 ya fedha. Hakuna nyuzi za buluu zinazokinga noti dhidi ya mwenye mtambo halali.

Leo noti hizi zinauzwa kwa wakusanyaji, na feki za vita vile zina wanunuzi wake pia, mradi ni feki za wakati uleule. Cha kuogopa ni nakala za ukumbusho kwa ajili ya watalii, ambazo huzunguka mitandaoni zikidaiwa kuwa za kweli. Karatasi ya kweli ilitengenezwa kwa matambara ya kitani: ni laini, ukiikunja inatii kama kitambaa. Nakala ni ya kahawia, ngumu, inalia kakara kakara kama bati jembamba. Saini kwenye ya kweli ni za wino mwingine kabisa na ule wa chapa, na zimezama. Kwenye nakala saini na maneno ni wino mmoja, weusi mmoja, na namba ni ileile kwenye kila noti itokayo duka lilelile. Nyingi za kweli zimeshonwa kwa uzi au kubanwa pini pale zilipochanika kwenye kunjo, kwa sababu mwenyewe alitaka ziendelee kutumika. Ukiona tundu dogo la pini lenye kutu pembeni mwa mpasuko, endelea kuangalia.